Yaya wa Bibi Eleni

Saltley, Birmingham

Dada yangu Zubeda,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti la mama liwe limepungua uvimbe, na shemeji awe ameacha kile kikohozi chake cha ubishi. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Roho ndiyo mbaya. Ungeniuliza kwenye simu ningesema "salama tu", ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu nalia, na nikilia wewe unampa mama simu.

Umelalamika kwamba siku hizi sipokei. Ni kweli, nisamehe. Kaa kitako nikueleze.

Unakumbuka niliwahi kukutajia Bibi Eleni, yule bibi wa Kigiriki niliyekuwa namtunza kule mtaa wa Acocks Green? Wazazi wake walifukuzwa kwao na vita, wakakimbia na nguo za mwilini, wakafika Tanganyika, wakaanza upya mpaka wakawa na shamba lao la mkonge huko huko kwetu Tanga. Bibi akazaliwa hapo na kukulia hapo, akaja Uingereza mtu mzima na mume wake. Mimi hayo sikuambiwa. Niliambiwa tu kwamba uzee umemla akili na hasemi tena. Basi siku ya kwanza natandika kitanda, nikajigonga kidole cha mguu, nikapiga ukelele, "Yalaa!" Bibi akageuza shingo.

"Pole," akasema.

Dada, nywele zilinisimama.

"Kabila gani wewe?"

"Mzigua, bibi."

"Kumbe mtumwa wangu! Mimi Mnyamwezi. Haya, lete chai."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mzungu mweupe pe, anajiita Mnyamwezi! Unyamwezi wenyewe aliupata kwa yaya wake, Kalunde binti Maganga, aliyetoka Tabora na mumewe aliyekuja kukata mkonge. Kiingereza kilikuwa kimeshamtoka bibi, Kigiriki kinakuja na kuondoka, kikabaki Kiswahili cha Kalunde. Tangu siku ile tukawa watani, kama Mzigua na Mnyamwezi wa kwetu. Uji ukiwa wa moto, Wazigua wanataka kumuua. Nikichelewa basi, Wazigua wavivu tangu enzi. Hapa nchini hakuna mtu aliyenifurahisha kama yule bibi, na sitapata mwingine.

Sasa, Wagiriki wa hapa wana jumuiya yao, na jumuiya ilikuwa inakusanya historia ya wazee wao wakimbizi, picha na sauti, waifanyie maonyesho kabla hawajaisha wote. Jambo jema, nani atakataa? Binti yake bibi, Sofia, akaja na mama mmoja wa jumuiya mwenye kinasa sauti. Bibi akawaangalia, akaanza kusema Kiswahili. Sofia ana miaka sitini na ushee na hajui hata neno moja. Nikawa mkalimani mimi, mwosha vyombo.

Walitaka habari za ukimbizi, wakazipata. Jinsi babu yake alivyobeba ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuungua. Jinsi mama yake alivyokuwa akilia kila Pasaka. Lakini kila habari bibi aliirudisha kwa Kalunde. Kalunde ndiye aliyembeba mgongoni akiwa na homa, akatembea naye kutwa nzima mpaka hospitali. Na Kalunde alipokufa, baba yake bibi alimkataza kwenda mazikoni, eti si heshima kwa binti wa tajiri.

"Sikumzika," bibi akasema, akanishika mkono. "Mtani, waambie waandike jina lake. Pale kwenye picha."

Picha yenyewe ilikuwa pale kabatini: bibi wa miaka mitatu kwenye kiti, na nyuma yake Kalunde amesimama, kaweka mkono begani kwa mtoto. Nikamwahidi. Nikamtajia yule mama wa jumuiya jina herufi kwa herufi, akaliandika kwenye daftari lake. Sofia alikuwa anatazama dirishani.

Bibi akafa wiki chache baadaye. Na hapa ndipo nilipokosea, dada, usinicheke. Nilikwenda mazikoni kama mtani. Wewe ungefanyaje? Mnyamwezi amekufa, Mzigua yupo, azikwe kimyakimya kama paka? Walipolileta jeneza makaburini nikasimama mbele, nikainama nikatembea kama bibi na fimbo yake, nikasema kwa sauti, tena kwa Kiingereza ili waelewe, "Huyu mtumwa wangu! Hazikwi mpaka nilipwe!"

Loh! Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu acheke, anitupie sarafu, nipishe njia. Sofia akalia kwa hasira, wanaume wawili wakanishika mikono wakanitoa hadi getini. Nilijaribu kueleza. Utamweleza nani utani na kaburi liko wazi?

Sofia akapeleka malalamiko ofisini kwetu. Bosi akaniita akanionya: lalamiko jingine moja, kazi hakuna. Na kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa kwenye kazi hii, unajua. Siku mbili baadaye yule mama wa jumuiya akanipigia. Akasema kwa upole kwamba familia imeomba habari za yaya ziondolewe. "Haya ni maonyesho ya wakimbizi," Sofia kamwambia, "si ya watumishi." Mdomo wangu ndio uliomfukuza Kalunde, dada. Ningekaa kimya makaburini, labda angebaki.

Nilikwenda kwenye maonyesho hata hivyo, siku ya wazi kwa wote. Picha ya bibi wameikuza, inajaza ukuta. Kalunde wamemkata. Lakini mkono ulikuwa begani, hauondoki bila kumkata na mtoto, kwa hiyo wameuacha. Mkono mweusi mtupu, umetokea pembeni, hauna mwenyewe.

Akapita bibi mmoja wa Kiingereza, akamuuliza Sofia, "Mkono huu wa nani?"

Sofia akaniona nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Akanitazama usoni, akajibu, "Wa mtumishi tu. Jina lake halijulikani."

Na mimi, dada, nikanyamaza. Nilifikiria bosi, nikafikiria kibali, nikafikiria dawa za mama. Nikavaa koti nikatoka. Pale ambapo palitaka ukimya nilipayuka, na pale ambapo palitaka neno nikawa bubu. Wananiudhi, lakini mimi mwenyewe najichukia zaidi.

Msalimie mama, usimsomee haya yote. Msalimie shemeji, na mjomba Hamisi anayenidai kanzu. Na yule jirani yenu fundi baiskeli, Mnyamwezi, mwite barazani umsomee kipande kimoja tu, kwa sauti, watu wakiwapo: Bibi Eleni wa Acocks Green alilelewa na Kalunde binti Maganga, wa Tabora. Atakutania, atasema Wazigua waongo. Msomee tena. Mimi nilikuwa nalo jina mdomoni, nikalimeza.

Mdogo wako,
Mwajuma