Maji ya Shimo la Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: kuanguka kwa ukuta wa nyumba iliyo nyuma ya zahanati mpya
Shahidi: mwanamume, miaka 54, mchimba visima, anaishi nyumba hiyo na mama yake mzazi. Ameonywa aseme kweli, naye anaeleza:

Nimechimba visima miaka thelathini. Mke wangu husema naujua udongo kuliko ninavyomjua yeye. Kusoma sijui. Aliyesoma ni mdogo wangu, mchoraji wa ramani ya zahanati, na nilimsomesha kwa sururu.

Mnamo tarehe 4 Machi, saa mbili asubuhi, aliniita kiwanjani nichimbe mashimo matatu ya kupima udongo. Mawili yalikuwa makavu. La tatu, upande wa kwetu, lilitoa maji kwa kina cha futi sita, tena maji yanayotembea. Nikamwambia, "Haya ndiyo yanayokwenda kisimani kwa mama. Ukiyaziba yatapinda, yataingia chini ya nyumba."

Akasema, "Kaka, ondoa shaka. Jengo nitalisogeza."

Akanipa karatasi nitie dole gumba kwamba kazi imekwisha. Nikatia. Ningemwomba nani anisomee, na huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja?

Mwezi Mei nilisafiri kikazi. Niliporudi tarehe 11 Juni, nilikuta msingi wa zege umekaa juu ya shimo la tatu. Nilimuuliza. Akajibu, "Wakubwa wamepitisha." Nikanyamaza kwa sababu yeye ndiye msomi. Hapo nilikosea, afande, andika hivyo.

Wiki ile kisima kilikauka, na sakafu ya chumba cha mama ikaanza kulowa. Tarehe 2 Julai, saa nne asubuhi, ukuta ulimwangukia akikunja nguo. Amevunjika nyonga. Daktari anasema huenda asitembee tena.

Leo umenisomea ile karatasi. Inasema mashimo yote matatu ni makavu, na dole ni langu. Nimeumia sana. Angenipiga ngumi ningemwelewa. Jana mama kaniuliza kama mdogo wangu anakula vizuri, maana ana kazi nyingi. Nikamwambia anakula.

Niliyoyaona na kuyafanya ni hayo.

Dole gumba la shahidi.

Mwandishi, konstebo wa zamu, saa saba mchana: Nimemsomea shahidi maelezo yake. Ameomba nirudie, nikarudia. Kisha amemwita mama mmoja asiyemfahamu, aliyekuwa akisubiri kwenye benchi, naye amsomee. Ndipo akatia dole.