Chupa Yako ya Dawa ya Macho

Mama yangu mpendwa,

Kuna jambo linanikereketa tangu tukuzike hapa Sironga, na wewe ndiye ungenijibu. Ile chupa yako ya dawa ya macho ilipita kwenye macho ya watu wangapi?

Nakukumbuka ukirudi kuchuma chai, majirani wakikungoja uani. Hospitali ilikupa dawa kwa ajili ya jicho lako moja, wewe ukaifanya ya kijiji kizima, daktari usiyesomea. Nilipokukanya ulicheka, ukamwita Mama Akinyi, fundi wa nguo aliyetoka kando ya ziwa, ukamwinua kidevu. "Macho ya jirani inauma kama yangu," ukaniambia.

Kazi yangu kiwandani uliijua: kuchunguza kama dawa zina vijidudu kabla hazijauzwa. Ya macho haitakiwi kuwa na hata kimoja. Baada ya mazishi niliikuta chupa yako imebaki nusu, nikaenda nayo kazini, nikadondosha matone kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu. Vikaota, Mama. Madoa ya manjano, na mengine ya kijani kinachong'aa. Nilifurahi kama mtoto aliyeona kiota, kisha nikaona aibu. Viliingiaje? Ni ncha ya chupa iliyogusa kope za mtu, au vidole vyako vya shamba? Na ile kinga inayotiwa kiwandani ili dawa isiharibike, ilipigana hadi lini?

Jumamosi nilikuwa nyumbani, Mama Akinyi akaja kuiomba chupa hiyo hiyo. Jicho lilimwasha, na alitaka dawa ya mkono wako. Niliogopa. Nikisema, nauchafua wema wako. Nikinyamaza, nahatarisha jicho linalomlisha. Nikamwambia yote. Akasema wewe hukumtakia mabaya hata siku moja. Nikampeleka kliniki, akapewa chupa mpya. Njiani nikamweleza kwamba hiyo ni yake peke yake, ncha isiguse kitu, na baada ya mwezi aitupe.

Aliitikia vizuri kabisa. Tulipofika kwake akajitia dawa, akanitazama usoni, akanivutia kiti.

"Kuja nikuwekee kidogo. Macho yako imekuwa nyekundu."

Nilimshika mkono, nikaifunga chupa, na kilio kilichonikataa kaburini kikanitoka chote kifuani pake.

Pumzika, Mama. Maswali niachie mimi.

Kitindamimba wako