Tabaga Iliyofukizwa Udi

Shakira,

Ruqaiya jirani aliniambia jana pale bombani. Ile tabaga yangu, kawa ya kusuka ya kufunikia chakula, uliyouza mtandaoni, mnunuzi ameilalamikia, na benki yake imemrudishia pesa. Wewe uliniambia pesa imechelewa tu.

Eti iko na harufu ya moshi. Ni udi, mjukuu wangu. Niliifukiza mimi kabla hujaifunga, kama tunavyofukiza nguo za bibi harusi. Niliona inakwenda mbali, isiende bila harufu ya kwetu.

Wajibu leo hao wenye soko la mtandaoni, kabla hawajakufungia duka. Sema ni nyanya yako alifanya. Na usinifiche tena. Tuko wawili tu nyumba hii. Ukinificha, nizungumze na nani?

Maharage iko kwenye sufuria, pasha. Naenda Koboko kwa dada yangu Sadiya, nitarudi ~~Jumapili~~ kesho.

Tabaga za wateja sitafukiza tena. Yako nitafukiza, hata ukinuna.

Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo. Tangu alfajiri nimeketi kando yako, wewe unaandika kwenye simu bila kuniangalia, na sasa umelala nayo mkononi.

Haboba wako