Gobori la Hajj Maati

Marrakesh, 6 Julai 1986

Mwanangu Miludi,

Pokea salamu. Huku tu wazima, ila goti langu linalalamika, nami nimeliambia lisubiri zamu yake. Rkia na watoto hawajambo? Na farasi je?

Habari kwamba wazee wamekuchagua uongoze kikosi cha wapanda farasi wafyatua magobori kwenye sherehe ya walii nimeitangaza mtaa mzima, mpaka muuza supu akakataa kunisikiliza mara ya tatu. Gobori la babu yako, nililolitunza tangu afe, nimempa dereva wa basi akuletee. Kiongozi wa ukoo wetu hashiki jingine.

Lakini sikulituma hivihivi. Pete za fedha za mtutu nilizivua nikazifungia koponi na viini vya mayai ya kuchemsha, siku mbili, zikatoka nyeusi kama zimefukuliwa kaburini. Shaba ya kitako niliining'iniza juu ya mkojo wa nyumbu. Chuma nikakipaka siki na chumvi. Kwa kazi hii sina mwenzangu kutoka hapa mpaka Misri. Kuna gobori nililitengeneza Jumanne. Ijumaa profesa mmoja wa Ulaya akalililia, eti lina miaka mia tatu. Nikamwambia, "Machozi taratibu, bwana, chumvi inakula shaba."

Sasa wazee watauona uzee wenyewe.

Ami yako,
Buazza

Ulad Hmida, 24 Agosti 1986

Ami,

Salamu. Sisi tupo. Goti lako lipone.

Siku ya kwanza ya sherehe Mzee Jilali alilishika gobori, akaligeuzageuza, akawapa wenzake. Akaniuliza, "Hili umelitoa duka gani?" Nikasema ni la babu. Akacheka. "La Hajj Maati tulilijua sote. Bibi yako alilisugua kwa majivu na limau kila mwaka, liking'aa kama jino la bibi harusi. Haya meusi ndiyo Buazza anayowauzia wageni. Kijana, ami yako kakupikia la bandia."

Nikanyang'anywa uongozi mbele ya watu. Amepewa mwana wa Jilali. Mimi nilipanda mwisho wa safu, na watoto wakiniita Mgeni.

Niambie ukweli mara moja tu katika maisha yako. Gobori la babu umemuuzia nani?

Miludi

Marrakesh, 31 Agosti 1986

Mwanangu,

Salamu nyingi.

Ndilo lenyewe. Naapa kwa kaburi la baba yangu. Wageni huku wakiona kinachong'aa husema ni kipya, wanaondoka. Miaka ishirini nimefanya hivyo, nikasahau kwamba kwetu cha zamani ndicho kinachosuguliwa. Nilitaka kukuheshimisha.

Twaa majivu na limau, sugua pete moja mbele ya Jilali. Weusi utatoka. Usingoje.

Najua mimi ni mwongo. Yule profesa hakulia, na nadhani hakuwa profesa. Lakini hili ni la kweli.

Ami yako,
Buazza

Ulad Hmida, 15 Novemba 1986

Ami,

Salamu. Barua yako ya Agosti sikuifungua. Nilikuwa nimeapa nisisome tena neno lako. Jana Rkia akaifungua akanisomea.

Gobori sinalo. Wiki ile ile niliyokuandikia nililipeleka soko la Alhamisi, nikampa mnunuzi wa vitu vya kale atokaye huko kwenu. Hakubishana hata kidogo. Nilidhani nimemtapeli.

Mtafute. Nakuomba, ami.

Miludi

Marrakesh, 2 Desemba 1986

Miludi,

Salamu kwako na kwa nyumba yako.

Nimeliona. Duka lenyewe liko vichochoro vitatu kutoka kwangu. Lilikuwa ukutani, juu ya mazulia. Nikanyoosha mkono, mwenye duka akaniambia, "Usiguse, mzee, hilo lina karne mbili." Nikamwambia ni la baba yangu. Akasema, "Kila mzee anayeingia humu ni mtoto wa gobori." Wafanyakazi wake wakacheka. Zamani ningecheka nao.

Nilikwenda kukopa fedha za kulinunua. Niliporudi kesho yake msumari ulikuwa mtupu. Limekwenda na mume na mke fulani, hajui wa nchi gani.

Akanitazama mikono, akaona madoa ya siki. Akaniuliza kama naweza kumtengenezea jingine kama lile.

Nikasema naweza. Nimeanza jana.

Ami yako,
Buazza