Kodi ya Bungoma Bado Haijaliwa Yote

Jumamosi, Kitale. Jua kali tangu asubuhi, na vumbi la trekta zinazolima limeingia mpaka kwa sufuria. Lakini moyo umetulia, na wanaonijua wanajua moyo wangu hautulii ovyo.

Wiki yote sikulala vizuri. Januari nilifungua duka la pili la sweta za shule kule Bungoma, nikamweka binti yangu Nekesa. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikalipa. Sasa Februari inaisha, nikapiga hesabu: mauzo yote, toa uzi, toa mshahara wa Nekesa, toa kodi yote. Hasara. Hasara ya kukalisha mtu chini.

Jana Wafula, muuza viatu wa mlango wa pili kule Bungoma, akanipigia. Ati nimwachie duka na funguo Jumatatu, yeye ataelewana na mwenye nyumba, nisisumbuke. Nikasema sawa. Halafu nikamwambia Nekesa afunge vitu arudi nyumbani.

Hakubisha. Aliuliza tu, "Na mashine ya kufuma, Mama, nije nayo?"

Sauti hiyo ilinikata. Huyu mtoto alikaa nyumbani bila kazi mpaka akaacha kutoka nje. Bungoma ndiko nilimwona tena akicheka na watu.

Leo asubuhi nimeingia stoo kutoa mahindi ya kusaga. Nikajaza debe, nikaangalia magunia yaliyobaki, nikasimama hapo kama aliyeitwa.

Si haya mahindi tuliyaingiza yote kwa wakati mmoja tulipovuna? Nani husema ameyala yote siku ya kuyaingiza?

Kodi ni vivyo hivyo. Pesa ilitoka Januari, ndiyo, lakini miezi haijaliwa. Januari imekula fungu lake, Februari imekula lake. Miezi minne bado iko stoo. Ni mali yangu, na mimi nilikuwa nampa Wafula bure!

Nikarudia hesabu papo hapo, kila mwezi nikiupa kodi yake tu. Januari ilileta faida nzuri, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Februari ilikuwa nyembamba, lakini imejilipia na ikaacha ya kununua uzi.

Darasa la sita ndipo nilipoishia. Lakini hii nimeielewa.

Nikampigia Wafula.

"Mama Nekesa, si ulisema hiyo duka inakumaliza?"

"Hiyo ilikuwa jana, bana. Kama unataka miezi yangu minne, inunue."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Ai! Leo umeamkia upande gani?"

Nikampigia Nekesa pia. Alikuwa ameshajaza sweta kwa magunia. Nikamwambia azitoe.

"Zote?"

"Zote. Na bei usiguse."

Hapo kwa bei nilikaza, kwa sababu najua Machi hakuna atakayekuja kudai kodi, na Nekesa ataona kila shilingi ni faida, aanze kupunguzia watu. Hapana. Machi pia itakula fungu lake la kodi, na fungu hilo litatolewa kwa mauzo na kuwekwa kando, ili mwenye nyumba akirudi Julai asitukute mikono mitupu.

Jioni hii Nekesa ameniambia ameuza sweta mbili kabla hata hajamaliza kuzitundika.

Julai naiogopa, sitadanganya. Lakini nitaiogopa nikiwa na duka.