Hayo Si Matufaa

Mjukuu wangu Zuwena,

Miezi minne! Gari unayo, miguu unayo, na mimi nipo hapa hapa Ansab, Maskati hii hii, sijahama. Umenisusa mpaka lini? Anaandika Mercy, anayenisaidia nyumbani. Nimemkataza kunisafishia maneno.

Siku ile ya makumbusho, kazini kwako, naikumbuka yote. Ulivaa buibui jipya, wageni wamekuzunguka, unawaonesha kijipicha cha matunda, cha Mfaransa aliyekufa zamani. Ukawaambia kwa Kiarabu, tuffah. Kisha ukanigeukia mimi: "Bibi, matufaa haya."

Nikapaza sauti. "Matufaa gani ya duara kama mpira? Tufaa lina kiuno! Huyu hajaliona tufaa maisha yake!" Wewe umezaliwa Maskati, tufaa kwako ni tuffah la Waarabu, epo. Langu mimi ni la Unguja, la uani kwa mama, refu, lina maji tele. Nikanyoosha kidole kuwaonesha kiuno kinapokaa, king'ora kikalia, wageni wakacheka. Ukanivuta mkono.

"Bibi, nyamaza. Hujui hata kusoma."

Jumatatu nilichukua teksi peke yangu, nikarudi. Nikasimama mikono nyuma, mlinzi kanikodolea macho. Meza ile imeinama, Zuwena. Rangi nzito, kama kapaka kwa mwiko. Matunda yanataka kuporomoka na hayaporomoki. Nikakaa nangoja lianguke moja, kama nnavyongoja simu yako.

Basi, ni tuffah. Nimekosea, nami sisemi hivo kwa kila mtu.

Lakini neno lako lile la kusoma hukukosea, ndo maana limeniuma. Kweli sijui kusoma, chuoni wala skuli sikupelekwa. Ulipokuwa mdogo ulipanda mapajani pangu ukanisomea makaratasi ya dawa, herufi moja moja, ukaniuliza, "Umesikia, Bibi?" Hukunicheka hata siku moja. Kunionea haya umeanza lini? Nijibu hilo, mwanangu. Mimi sikuonei haya wewe, wallahi, hata ungepotea mwaka.

Njoo Ijumaa baada ya sala. Usilete matunda, wala usianze kulia mlangoni majirani wakatoka. Lete kalamu. Uniandikie tuffah kwa Kiarabu, kubwa, kama lilivyoandikwa pale ukutani kando ya picha, unishike mkono mpaka niliweze. Halafu unipeleke tena kwa Mfaransa wako. Kidole nitakiweka nyuma. Na safari hii nyamaza wewe, nisome mimi.

Bibi yako, mwenye matufaa yake