Hukukosa Chakula

Dada yangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na goti limetulia. Mimi mzima, ila mgongo, na habari za mgongo unazijua. Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja tu: kwa nini binti yangu amefanya sherehe ya kufaulu uhandisi, na wewe uliyemlea tangu mama yake afe hukuitwa. Unasema ulisikia kwa jirani, mbele za watu, ukabaki unatabasamu kama mtu anayejua. Nitakujibu. Ila kuandika kunanichosha kuliko koleo, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza chakula. Hukukosa chakula.

Ilikuwa mgahawa wa Kiitaliano, ule wa watu wenye magari. Bosi wa binti ndiye alichagua. Tulikuwa bosi na mkewe, wenzake wawili wa ofisini, binti na mimi. Vitambaa vyeupe, glasi tatu kwa mtu mmoja, taa hafifu mpaka huoni unachotia mdomoni. Pembeni ya binti kulikuwa na kiti kitupu. Mhudumu alitaka kukiondoa, binti akamwambia akiache.

Wakaleta mkate na kisahani cha mafuta. Wewe unajua saruji inavyokula mikono, inapasuka mpaka damu. Kwetu saiti, saa ya kula ikifika tunanawa, halafu mafuta yanapitishwa, kila mtu anapaka ndipo anashika chakula. Nikaona yale mafuta nikafurahi. Nikasema moyoni hawa watu wana adabu, wamenifikiria. Nikachovya, nikapaka viganja, nikapandisha mpaka kwenye viwiko, nikampitishia mke wa bosi kisahani.

Mama yule akauliza kama sipaki na miguu kabisa. Bosi akamwambia asishangae, vibarua ndivyo walivyo, hata ukiwapa oili ya gari watapaka. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mvinyo. Binti naye akacheka. Kidogo, lakini nilimwona. Mhudumu alibeba kile kisahani kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Tangu hapo nikawa Baba Mafuta. Baba Mafuta, onja hiki. Baba Mafuta, uma ni huu, siyo ule. Nyama ilikuja mbichi, imekatwa nyembamba kama karatasi. Nikauliza itapikwa saa ngapi, wakacheka. Tambi zikaja hazijaiva katikati. Nikamwomba mhudumu azirudishe jikoni kidogo, bosi akauliza meno yangu nimeyawekea nani. Sahani upana wa karai, chakula cha kumshibisha paka. Nilitoka pale na njaa.

Halafu binti akasimama. Akatoa kwenye mfuko kofia ngumu, ile nyeupe ya wahandisi. Ofisini kwao mhandisi mpya anavishwa kofia ya kwanza na mzazi wake, ndiyo desturi. Akasema chakula hiki hakukiandaa kwa ajili ya kufaulu. Alikiandaa kwa ajili ya shangazi yake. Akasema kuna mwanamke alifua nguo za watu mpaka vidole vikafa ganzi ili yeye asome, na huyo ndiye angemvisha, na kile ndicho kiti chake. Akasema shangazi amekataa kuja. Hapo akakaa, akalia na vile vipodozi vyake vyote.

Bosi akasema si baba yupo, Baba Mafuta amvishe. Nikasimama. Dada, miaka thelathini nimebeba zege chini ya watu wenye kofia ile. Nikaishika. Mke wa bosi akasema jamani itateleza. Wakacheka. Binti akainyakua mikononi mwangu, akaifuta kwa kitambaa cha meza, ndani na nje, akampa bosi wake. Bosi akamvisha. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Sasa jibu lako.

Binti alikuita. Simu yako imekufa, kwa hiyo alinituma mimi nije nikuchukue. Alininunulia tikiti za basi, yako na yangu, na wewe alikushonea gauni la kijani. Ile Jumatano niliyokuja kwako, mfuko ulikuwa magotini pangu, na gauni lilikuwa ndani yake. Uliniuliza nimebeba nini, nikasema viatu vya kazi. Nikala kwako, nikalala. Nilikudanganya kwamba nina kikao kazini, ukanifulia shati na kulipiga pasi. Shati hilo ndilo nililovaa mgahawani.

Niliporudi nilimwambia umekataa. Hakuamini. Ikabidi niongeze. Nikamwambia umesema ameota mapembe. Nikamwambia umesema kazi yako ya uyaya umeshamaliza, asikusumbue tena. Alilia siku mbili. Bado akasema kiti kiwekwe, labda utabadili moyo.

Sikufanya hivyo kwa sababu unakula kwa mkono, wala kwa sababu unaongea kwa sauti. Ni kofia. Nilitaka nimvishe mimi. Na nilijua ukikaa pale utawahadithia jinsi nilivyokuwa nakuja mara mbili kwa mwaka na pakiti ya biskuti, na mtoto anajificha nyuma ya sketi yako anasema mgeni amekuja. Aliniita Mgeni mpaka darasa la pili. Ungesema, maana ni kweli, na wewe ukweli haukukai mdomoni. Nilitaka jioni moja tu niwe mzazi.

Sijamwambia. Siku moja alikuwa anafunga mizigo, nikasimama mlangoni nimwambie, nikaishia kumuuliza kama sanduku lina kufuli. Anapelekwa mbali kujenga daraja, miaka miwili. Anaondoka mwisho wa mwezi, na kwako hapiti.

Na sitamwambia. Wewe una mume, una watoto wanne, una mtaa mzima. Mimi nina huyu. Kwa hiyo nakuomba. Siku akikuuliza, sema ndiyo, ulisema hayo maneno. Sema ulikuwa na hasira, sema goti lilikuwa linauma. Wewe atakusamehe. Mimi hawezi. Najua ninachokuomba ni ubaya, usinieleze. Lakini hujawahi kuninyima kitu, dada, na hata hiki hutaninyima.

Gauni liko chini ya godoro langu. Siwezi kulileta, utaulizwa umelipata wapi.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto na wote wanaoniulizia. Binti hajambo. Hajakutumia salamu.

Mimi,
mdogo wako.